Kisu Kilichobaki Mkobani

Kuku wa Jumamosi alikuwa akilala bafuni kwetu. Baba alimleta Ijumaa jioni kutoka shamba moja nje ya mji, akamfunga kamba mguuni, akamweka ndani ya hodhi la kuogea lililotandikwa magazeti ya juzi. Waswahili husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hawa wetu walikuwa wageni hasa: kuku wa Kiingereza, weupe, wanene, wasiojua wamefuata nini Erdington, mtaa wetu wa Birmingham. Siku hiyo aliyetaka kuoga alioga kwa ndoo. Jirani yetu, bibi mmoja mwenye masikio mepesi, aliwahi kumwuliza mama kama tunafuga. Mama akamjibu kwamba hatufugi, huwa wanapita tu.

Kuku alikaa humo kwa sababu mama alikuwa akimngoja baba. Baba alifanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha magari huko nyuma ya Northfield, akirudi asubuhi alilala mpaka mchana, na hakuna aliyethubutu kumwamsha kwa ajili ya kuku. Kumnyonyoa, kumkata, kumpika, kumpaka nazi ya kopo, yote mama aliyaweza. Kumchinja, la. Kwao Unguja mwanamke hachinji. Si kwamba dini imemkataza, maana dini, kama nilivyokuja kujua, haina ugomvi na mkono wa mwanamke. Ni desturi tu, na desturi haina kitabu unachoweza kukifungua ukabishana nacho. Mama alinihadithia jinsi wanawake wa mtaani kwao walivyosimama mlangoni, kuku kwapani na kisu mkononi, wakingoja mwanamume yeyote apite. Hata akipita mtoto wa kiume anayetoka chuo cha Kurani na juzuu yake, meno ya mbele hayajarudi, walimsimamisha, wakampa kisu, akachinja, akaendelea na njia yake.

Mimi niliona hicho ni kichekesho. Mama hakuona. Alikuwa mwanamke anayepanda mabasi mawili kwenda kazini kwake, kwenye cherehani za kiwanda, anayegombana na mwenye nyumba mpaka mwenye nyumba anaomba radhi, na bado kila Jumamosi alikaa jikoni na kisu kilichonolewa, katega sikio juu kusikia kama kitanda cha baba kimelia. Kitanda kikilia, tulishuka uani wote watatu. Baba alichinja, mama alikinga maji ya moto, na mimi nilishika mabawa.

Baba alikuwa msasi. Hivyo ndivyo alivyojieleza kwa watu, hata baada ya kufunga skrubu za milango ya magari kwa miaka. Ujanani mwake kusini mwa Unguja aliwinda paa kwenye maweni, ile nchi ya mawe makali ambako ukianguka unainuka umekatwa kama papa sokoni. Aliwinda kwa gobori la mjomba wake, na kwa maelezo yake hakuwahi kukosa shabaha. Nilizikulia hadithi hizo. Nilipofika miaka kumi na mitano nilikuwa nazisikiliza kwa adabu, kama watu wanavyosikiliza habari za hali ya hewa.

Mambo yalianza nyumbani kwa shangazi, Hodge Hill, siku ilipokubaliwa harusi ya mdogo wake mama. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, aliyemlea baba tangu mama yao alipofariki. Sisi Waunguja wa Birmingham tulikuwa wachache wakati huo, tungeweza kuenea sebuleni kwake, na siku hiyo tulienea. Ikazungumzwa habari ya pilau. Mmoja akasema nyama ya ng'ombe, mwingine akasema mbuzi hapatikani. Baba, aliyekuwa amekaa kimya akila halua, akasema pilau la harusi hii litapikwa nyama ya mwitu, na ataileta yeye.

Watu wakacheka, maana mwitu wa Birmingham ni paka na njiwa. Baba akaeleza kwamba kazini kwake yuko Mskochi ambaye shemeji yake anaishi milimani huko kwao, na kazi yake ni kupunguza kulungu kila msimu wa baridi, na keshamwalika.

"Kama umechinja, nitakula," shangazi akasema. "Ukituletea kibudu, mie nasimama mbele za watu nakimwaga chungu kizima."

Kibudu ni mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Na pilau, kwa msomaji asiyejua, halina pa kujificha: nyama ikiwa na shaka, wali uliopikwa kwa supu yake una shaka pia. Baba angeharibu harusi nzima kwa chungu kimoja. Mdomo uliponza kichwa, na kila mtu sebuleni alilijua hilo, pamoja na baba, ila yeye alikuwa ameshasema.

Akanichukua mimi kwa sababu hakuwa na mwingine. Mdogo wangu alikuwa mchanga, mama ana kazi, na skuli ilikuwa imefungwa wiki moja katikati ya muhula.

"Nikafanye nini huko?" nikamwuliza. "Baba, it's going to be freezing."

"Utanisomea ramani. Tena goti langu walijua. Mie n'na jicho, weye una miguu."

"Na nikishafika?"

"Utashika. Kwani Jumamosi huwa wafanya nini?"

Basi nikaenda kushika kulungu kama ninavyoshika kuku. Mama alitufungia sambusa, kachori, chupa ya chai ya maziwa yenye iliki, na kwa ajili yangu akanunua koti la mvua la nailoni, la manjano ya kung'aa, ili nikipotea milimani nionekane. Baba alikinoa kisu chake siku mbili. Tulisafiri kutwa nzima kwenye gari letu lililotengenezwa na mikono yake mwenyewe, au angalau milango yake, na kila upepo ulipopenya mlangoni alitikisa kichwa akisema mlango ule si wa zamu yao.

Mwenyeji wetu alikuwa mtu mwembamba, mwenye kofia aliyoivua mbele ya chakula tu, na maneno machache kama mtu anayeyalipia ushuru. Baba alimpa jina la Bwana Nyama palepale, kama walivyoitwa kwetu wakubwa wa idara ya wanyama. Bwana Nyama alimpa baba bunduki yake, akamwonyesha bati lililokatwa umbo la kulungu kwenye kilima nyuma ya nyumba, akamwambia apige. Nikaziba masikio. Nakiri nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu hadithi za miaka yote zilikuwa zimesimama pale kwenye lile bati. Baba akalala chini, akavuta pumzi, akapiga mara tatu. Bwana Nyama akaangalia kwa darubini, akahesabu matundu, kisha akampa tumbaku. Baba havuti, lakini aliipokea.

Ugomvi ulikuja jioni, mezani, nao ulipita kinywani mwangu kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nafasiri. Bwana Nyama ana sheria moja: risasi ikilia, mtu asiinuke. Mnyama aliyejeruhiwa akiona watu atakimbia mpaka bonde la tatu, lakini asipoona kitu atalala na kufa kwa amani. Baba naye ana sheria moja: risasi ikilia, mtu akimbie, amwahi mnyama yungali hai, amchinje kwa jina la Mungu. Mmoja anataka mnyama afe kabla ya kufikiwa, mwingine anataka afikiwe kabla ya kufa. Nilifasiri huku na huku mpaka chai ikapoa. Mwishowe Bwana Nyama akasema yeye atakuwa kando ya baba, na akimgusa bega, baba aende. Baba akakubali, ila kwa sharti aguswe upesi.

Asubuhi baba aliswali uani, akielekea ziwa lililokuwa chini ya nyumba, kisha tukapanda. Nchi ile haikuwa na njia. Ilikuwa ni mawe, tope jeusi, na vichaka vifupi vinavyokushika miguu. Baba, ambaye Birmingham hulalamikia ngazi za kwenda chooni, alipanda akitabasamu. Aligusa mawe kwa kiganja. "Maweni haya," akaniambia, "ila yamelowa." Akachechemea mbele yangu na goti lake bovu, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu ambaye alikuwa kabla sijazaliwa, mwepesi, mwenye macho kila upande. Nilimpenda sana asubuhi ile. Sikumwambia, nilimwambia buti zangu zimeingia maji.

Tulipokaribia mgongo wa kwanza, Bwana Nyama akasimama akanitazama. Koti langu lilikuwa linapiga kelele. Kila nikiinua mkono lilisema chakacha, na rangi yake, akasema, ingeonekana na kulungu wa nchi ya pili. Mimi nikasema silivui, kuna barafu inanyesha. Ikaamuliwa nibaki kwenye korongo dogo lenye kijito, penye mwamba wa kukinga upepo, nikae na mkoba wetu wa chakula mpaka nitakapoitwa. Wao wangetambaa kwa matumbo kuelekea juu. Kabla ya hapo, njiani, Bwana Nyama alikuwa amemwona baba na kisu chake kiunoni akamwambia mtu hatambai na kisu wazi, atajipasua mwenyewe. Baba akakifunga kitambaa, akakitia mkobani, atakitoa wakifika karibu.

Wakaondoka. Nilikaa chini ya mwamba nikiwa nimenuna, kama msichana yeyote aliyevutwa maili zote hizo ili aachwe na chakula. Baada ya muda njaa ikanishika. Nikaufungua mkoba nitafute sambusa, mkono wangu ukagusa kitambaa.

Sambusa ile sikuila. Nilikitoa kisu nikakitazama, na mlima mzima ukanigeukia. Baba yuko juu huko na bunduki, risasi itamtoka wakati wowote, ataguswa bega, atakimbia na goti lake, atafika kwa mnyama na kutia mkono kiunoni, na hapana kitu. Kitu kama hicho kingeweza kutokea kwa watu wetu tu: kusafiri kutwa kwa ajili ya kisu na kukiacha na vitafunio. Nikimwita, kulungu watakimbia. Nikikaa, ni kibudu, na shangazi anamwaga chungu, na baba yangu atakaa Birmingham umri wake wote uliobaki akiwa yule mtu wa chungu kilichomwagwa.

Nikalivua koti la manjano. Nikaliweka chini ya jiwe, nikatoka na sweta la skuli, kisu mkononi, nikapanda kandokando ya kijito nimeinama. Nilikuwa mkimbiaji mzuri kwenye uwanja, lakini uwanja hauna matope yanayokuvua buti. Buti moja ilibaki huko na bado iko huko.

Sikufika mbali. Mlio ukapasuka juu yangu, ukagonga mlima wa pili, ukarudi. Nikalala chini bila kuambiwa. Nilipoinua kichwa nikaona kulungu wanakimbia kwenye ukingo, kundi zima, wepesi kama hawakanyagi, kisha mmoja akajitenga akateremka upande wangu. Jike, mkubwa, rangi ya mchanga uliolowa. Alishuka akiyumba, miguu ya mbele ikikosa pa kukanyaga, akaja moja kwa moja kwenye kijito, akaanguka karibu nami kiasi kwamba maji yalinirukia usoni.

Hakufa. Alijaribu kuinuka, akashindwa, akalaza shingo juu ya mawe. Damu ilitoka ubavuni na ikaingia majini. Jicho lake lilinitazama, nami nikamwonea huruma. Sikuwa nimewahi kumwonea kuku huruma.

Kule juu watu wawili walitokea kwenye ukingo. Mmoja alikuwa anashuka upesi, mwingine alikuwa amezama kwenye tope mpaka magoti na anavutana nalo. Wa tope alikuwa baba. Alinyoosha mkono kiunoni. Niliona kwa macho yangu alivyopapasa, kulia, kushoto, akasimama. Nikainua kisu juu akione.

Tangu asubuhi tulikuwa tunanong'ona. Hata kukohoa tulikohoa ndani ya mikono. Sasa baba alivuta pumzi akapiga ukelele ambao nadhani uliwafukuza kulungu wote wa upande ule wa Uskochi.

"Chinja! Mwanangu, chinja weye!"

Nikamjibu kwa sauti ya kwanza iliyonijia. "Baba, I can't! Mimi ni msichana!"

"Najua! Chinja!"

Nikaingia majini. Nilijua kila kitu kinachotakiwa, maana nilikuwa nimekishuhudia kila Jumamosi tangu niwe na akili, ila nilikuwa nimekijua upande wa mabawa tu. Kibla kilikuwa wapi? Jua halikuwepo. Nikakumbuka baba aliswali akielekea ziwa, na kijito kile kilikwenda ziwani. Mwili ule nisingeweza kuugeuza, nikamgeuza shingo tu kufuata maji. Nilipiga goti nyuma yake, nje ya njia ya miguu, nikamshika chini ya taya. Alikuwa wa moto sana. Mkono wangu ulitetemeka vibaya. Nikasema Bismillahi, Allahu Akbar, kwa sauti, nikakata kama baba anavyokata, kwa nguvu, bila kurudia. Kisu kilikuwa kimenolewa siku mbili na kilifanya kazi yake. Alirusha mateke machache, kisha jicho lile likaacha kunitazama. Nikakaa kwenye maji nikalia.

Bwana Nyama alifika kwanza. Alimtazama mnyama, akanitazama mimi na soksi yangu moja, akavua kofia. Baba akafika akihema, tope mpaka kifuani. Alipiga magoti, akaangalia mkato, akaupitishia kidole kama fundi anayekagua mshono wa mwingine. Kisha akanifunika na koti lake.

Hapo Bwana Nyama akafanya kilichokuwa desturi yao. Alichovya vidole viwili kwenye damu, akanijia anipake usoni, kwa sababu kwao anayeua kulungu wa kwanza hupakwa damu, ni heshima. Baba akaruka katikati yetu na lile goti lake bovu.

"Mwambie damu ni najisi! Mwambie mtoto huyu bado hajaswali adhuhuri!"

Nikafasiri, huku meno yananigongana. Bwana Nyama akasimama na vidole vyake vyekundu hewani, akafikiri, kisha akaenda kuviosha kijitoni kwa makini, akavikausha kwenye suruali, akanipa mkono. Alinishika mkono kama anavyoshikana na watu wazima. Halafu tukala sambusa wote watatu, naye akauliza kama mama yangu angeweza kumwandikia namna ya kuzipika.

Kurudi, tulikuwa na mapaja na mbavu kwenye buti ya gari, zimefungwa kwa shuka, na madirisha wazi kwa ajili ya ubaridi. Baba aliimba mpaka mpakani. Baada ya hapo akanyamaza, nami nikajua anafikiri nini, kwa sababu nilikuwa nafikiri hilohilo.

"Shangazi ataniuliza nani kachinja," akasema. "Huuliza kila mara. Hata nyama ya dukani huuliza."

"Sema wewe. Just say it was you."

"Nikisema mie, nyama italiwa."

"Basi sema."

"Na weye utakuwa hukufanya kitu," akasema. Hakusema atafanya nini, na mimi sikuuliza tena. Nilijifanya nimelala. Kweli ni kwamba sehemu yangu moja ilitaka pilau liliwe na kila mtu afurahi, na sehemu nyingine ilikuwa na hasira tayari.

Harusi ilifanyika ukumbi wa kukodi, karibu na kwetu. Wanaume walikaa upande wa jukwaa, wanawake upande wa jiko, na katikati viti vilipangwa mgongo kwa mgongo kuwa ukuta. Mama alikuwa amepika tangu alfajiri. Yeye alijua. Nilikuwa nimemwambia usiku tulioingia, na alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama miguu yangu imepata joto, akaenda kupekua viungo kabatini. Sasa masinia yalitoka, pilau linanukia bizari na karafuu mpaka mlinzi wa ukumbi, Mwingereza, akasogea karibu na mlango wa jiko. Watu wakanawa. Mikono ikaenda kwenye sinia.

"Ngojeni," shangazi akasema.

Hakupaza sauti, hakuhitaji. Alikuwa amekaa mbele ya sinia la kwanza, na alisema akielekea ule ukuta wa viti, kwa ndugu yake aliyekuwa nyuma yake.

"Nani kachinja?"

Nilikuwa nimesimama na jagi la maji. Bwana harusi, mjomba wangu maskini, alikuwa na tonge nusu ya njia. Nilimwona baba kupitia nafasi ya viti. Angeweza kulimaliza kwa neno moja, na hakuna ambaye angejua.

"Kachinja binti yangu," baba akasema.

Mikono yote ikarudi nyuma. Mwanafunzi mmoja upande wa wanaume akaanza kueleza kwamba kwa sheria ya dini hakuna tatizo lolote, na hakuna aliyemsikiliza, kwa maana si sheria iliyorudisha mikono nyuma. Shangazi akaniita kwa kidole. Nikaweka jagi chini, nikaenda, nikapiga magoti mbele yake. Akaushika mkono wangu wa kulia akaugeuza juu chini kama anayetaka kujua samaki kalala siku ngapi.

"Mkono huu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Bismillahi ulisema?"

"Nilisema."

"Ulitetemeka?"

Nilitaka kusema hapana. "Nilitetemeka. Kisha nikalia."

Shangazi akatikisa kichwa polepole. "Baba yako, wa kwanza wake kuchinja alikuwa jogoo," akasema, na sasa sauti aliipaza, ivuke viti. "Jogoo tu, tena mdogo. Kalia mpaka katapika kwenye viatu vya marehemu baba. Nikamalizia mie nyuma ya nyumba, na supu mkanywa nyote."

Kisha upande wa wanaume mtu akaangua kicheko, na ukumbi mzima ukafuata, na baba, msasi wa maweni, akajificha uso kwa mikono miwili. Shangazi hakucheka. Alimega tonge, akachagua kipande cha nyama, akala. Alitafuna kwa muda mrefu.

"Ngumu kidogo," akasema. "Leteni pilipili."

Vyungu vilisafishwa mpaka ukoko. Mlinzi wa ukumbi alikula sahani mbili. Baba alizunguka ukumbini akiwaeleza watu jinsi binti yake alivyomkabili kulungu, na kwa kila aliyeelezwa kulungu aliongezeka ukubwa, mpaka kufikia chai alikuwa ameota pembe.

Mama hakuzungumza habari hiyo siku ile, wala wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nilikuwa kitandani nasoma. Baba alikuwa amelala chumba cha pili, amechoka na zamu, anakoroma. Mlango ukafunguka na mama akaingia na kuku kwapani, kamba inaning'inia. Nikafunga kitabu nikainuka, nikanyoosha mkono nipokee kisu. Nilidhani nimerithi kazi.

Hakunipa. Alikuwa amekikamata mwenyewe.

"Njoo unishikie mabawa," akasema.

Tukashuka uani kimya kimya. Akaelekea kibla, akauliza mara moja tu kidole gumba kinakaa wapi, nikamwonyesha. Kabla ya kukata alisimama kidogo akitazama juu kwenye dirisha la baba, lakini hakuwa anamngoja.

Baba alishuka mchana akijikuna kichwa, akasogelea jiko, akafunua chungu. Akatazama ndani, akatazama juu upande wa bafuni, akatutazama sisi.

"Nani kachinja?" akauliza.

Mama alikuwa anakata limau. Akamwambia akae, chakula kinapoa.